Kathodi ya bomba inagoma kuwaka baada ya kuwashwa mara sita: kosa ni la kiini au la gesi?

LolezaPlazma (Mbeya)

Habari wakuu. Kuna kathodi ya bomba (kifaa kinachotoa elektroni) ya majaribio ya injini ndogo ya ioni, iko maabara hapa Iyunga, na imeanza kugoma. Naweka vipimo vyote mapema ili msipoteze muda kuniuliza.

Kiini ni tangsteni yenye vinyweleo iliyoloweshwa oksidi za bariamu, kalsiamu na alumini kwa uwiano wa 4:1:1. Urefu milimita 12, tundu la ndani milimita 2. Bomba ni la molibdenamu, na mbele limezibwa na kisahani cha tangsteni chenye tundu la milimita 0.5. Heata ni ya tantalamu yenye ala. Wati 62 zinalifikisha bomba nyuzi 1,080 za Selsiasi, kwa themokapo (kipima joto cha nyaya) ya aina ya K iliyoshikizwa nje karibu na kisahani. Kipa, yaani elektrodi ya kuwashia, ni cha grafiti, kiko milimita 1.2 mbele ya kisahani. Anodi ni bamba la shaba linalopozwa kwa maji, sentimita 4 kutoka kwenye kipa.

Gesi ni agoni, sentimita za ujazo 5 kwa dakika (nitaandika sm³/dak). Pampu ya tabo (ya ombwe, yenye rota ya kasi) ni ya lita 300 kwa sekunde, nyuma yake kuna pampu ya mzunguko ya oili. Ombwe bila gesi ni 2 × 10⁻⁶ milibaa, gesi ikifunguliwa linasimama kwenye 3 × 10⁻⁴.

Mara ya kwanza iliwaka kwa volti 180 za kipa, ikatulia kwenye volti 19 kwa ampea 1 ya kipa na ampea 1 ya anodi. Kila ilipowashwa tena ilidai volti zaidi. Mara ya sita iliwaka kwa 560, kipa kikawa kinacheza kwenye volti 31 na mwanga wa mbele umerefuka kama mkia, kisha ukazima. Sasa haiwaki kabisa hata kwa volti 600. Nimeifungua: uso wa kisahani una rangi ya bluu iliyoiva, na pembeni kuna ukungu wa njano.

Swali: kiini kimekwisha? Na nikinunua kingine, nihamie lanthanamu heksaboridi (LaB₆) au nibaki na bariamu?

---

FundiOmbwe (Iringa)

Kamwene wote.

Mkuu, jibu umelishika mkononi. Bluu na njano hizo ni oksidi za tangsteni. Tangsteni iliyowaka ndani ya agoni safi inabaki na rangi ya kijivu cha chuma. Kathodi yako imekunywa oksijeni au mvuke wa maji, na nina hakika umepita kwenye bomba la gesi. Chumba cha ombwe hakina hatia hapa. Gesi ikiwa inatoka kwa kasi kwenye tundu la nusu milimita, ndani ya bomba kuna shinikizo la milibaa kadhaa, na chumba kiko kwenye 10⁻⁴. Uchafu wa chumbani kupanda mto huo ni kazi ngumu. Uchafu unaokuja na mto wenyewe hauzuiliwi na kitu.

Kwa wanaosoma bila kuzijua kathodi hizi: tangsteni tupu inashikilia elektroni zake kwa takriban elektroni-volti 4.5. Kiini kikipata moto, mchanganyiko ule wa oksidi unaachia bariamu, inapanda kupitia vinyweleo na kutandaza utando mwembamba wa unene wa atomu moja juu ya oksijeni kidogo. Utando huo unashusha kima hicho hadi kama 2.1, na ndiyo maana nyuzi 1,000 na ushee zinatosha. Oksijeni ikizidi, bariamu inafungwa, utando unavurugika na uso unarudi kuwa mgumu wa kutoa elektroni. Mvuke wa maji una ubaya wa ziada: unaila tangsteni yenyewe pale penye joto kali, unaibeba kama oksidi na kuitua penye joto pungufu. Ikitua juu ya vinyweleo, bariamu haina njia tena.

Dalili zako zinafuatana vizuri na hilo. Uso ukiwa mgumu, kathodi inapandisha volti yenyewe ili ioni zigonge kwa nguvu na kuongeza joto. Huo "mkia" ni hali ambayo elektroni zinavutwa kwa shida, plazma ya mbele inatikisika, na ioni zenye nguvu zinachonga kipa na kisahani. Kuiacha ikiendelea hivyo ni kuila kathodi yako mwenyewe.

Usinunue kiini bado. Niambie kwanza: kutoka kwenye mtungi hadi kwenye kathodi, gesi inapita kwenye bomba la nini? Regulata ni ya aina gani? Lebo ya mtungi inasema usafi kiasi gani? Kisha fanya jaribio hili. Kathodi ikiwa imetolewa na mwisho wa bomba la gesi umezibwa kwa vali, vuta ombwe sehemu yote iliyo baada ya kidhibiti mtiririko, funga vali, uangalie geji inapanda milibaa ngapi kwa saa moja.

---

KimondoMbozi

Nakubaliana na Fundi kuhusu oksijeni, ila nitamtetea LaB₆, kwa sababu kwa mazingira ya majaribio, ambako chumba kinafunguliwa kila wiki, bariamu ni mtoto wa kudekeza.

LaB₆ haina utando wa kulindwa. Ni kitu kimoja kuanzia nje hadi ndani. Uso ukichafuka au ukichongwa, wa chini yake ni uleule. Inavumilia uchafu wa gesi takriban mara mia zaidi ya bariamu, na ikikaa hewani haiharibiki. Injini za Kisovieti za aina ya Hall (injini za umeme za satelaiti) ziliruka na kathodi za namna hii tangu miaka ya 1970, na uwezo wake wa kutoa elektroni ulielezwa na mtafiti Lafferty mwaka 1951, kwa hiyo si kitu cha kubahatisha.

Bei yake ni joto. LaB₆ inashikilia elektroni kwa elektroni-volti 2.66 hivi. Ukitumia mlinganyo wa Richardson (unaokadiria mkondo wa elektroni zinazotoka kwenye uso wa moto) na kigezo cha 29, kelvini 1,900, yaani kama nyuzi 1,630, zinakupa ampea 9 kwa kila sentimita ya mraba. Bariamu inafika karibu na hapo kwa kelvini 1,400 tu. Hivyo usidhani utachomoa kiini kimoja na kupachika kingine kwenye bomba lilelile. Vitu vitatu vitakufa.

Cha kwanza ni bomba la molibdenamu. Kwenye joto hilo boroni inatoka kwenye LaB₆ na kuingia ndani ya chuma kinachoigusa; chuma kinakakamaa, LaB₆ inapoteza muundo wake, na kinachobaki kinapasuka kama chaki. Kati ya LaB₆ na chuma chochote weka ala ya grafiti, hata ya milimita 1. Au bomba zima liwe la grafiti. Kiini kisukumwe mbele na springi ya tangsteni kupitia kipande cha grafiti. Springi isiguse kiini.

Cha pili ni heata. Ikiwa ndani ya ala umejazwa unga wa magnesia, ukivuka nyuzi 1,400 unaanza kupoteza uwezo wa kuhami umeme na heata inajipiga shoti. Kwa LaB₆ tafuta yenye unga wa alumina.

Cha tatu ni themokapo yako. Aina ya K mwisho wake ni kama nyuzi 1,260. Utahitaji aina ya C, ya tangsteni na reniamu.

Pia usiipandishe joto kwa pupa. LaB₆ ni kauri kwa tabia: ikipashwa ghafla inapata ufa, na ufa haurudi. Dakika 20 hadi 30 kutoka baridi hadi moto ni kasi ya heshima. Kuichonga ni kwa mashine ya cheche za umeme tu. Keekee ya kawaida inaigawa vipande.

Kwa wanaoota vitu vipya zaidi: kuna elektraidi ya C12A7 (kauri ya oksidi za kalsiamu na alumini inayopitisha umeme), ambayo kundi la Hosono kule Tokyo liliitoa mwaka 2003, na kima chake kinatajwa kuwa 2.4. Karatasini inapendeza. Tatizo haipitishi joto vizuri na inayeyuka kwenye nyuzi 1,400 na kidogo, hivyo sehemu moja ya kiini ikizidiwa na mkondo inayeyuka huku jirani yake bado ni baridi. Kwa mtu ambaye gesi yake ina oksijeni, ni kuhama nyumba kwa sababu bomba la maji linavuja.

(Nje ya mada: lanthanamu ipo kwetu, Ngualla pale Songwe mlima una madini adimu. Lakini kutoka mwambani hadi kwenye kathodi kuna safari. Kwanza uitenge na seriamu na ndugu zake wengine, upate oksidi safi, kisha La₂O₃ + 3B₄C → 2LaB₆ + 3CO ndani ya ombwe kwenye nyuzi 1,500 kwenda juu, halafu unga huo ushindiliwe kwa moto wa karibu 2,000. Kwa sasa nunua silinda iliyo tayari.)

---

FundiOmbwe (Iringa)

Mbozi, hesabu zako ziko sawa, ila tuzungumze wati. Joto linalopotea kwa mng'aro linakua kwa nguvu ya nne ya kelvini. Kutoka nyuzi 1,050 hadi 1,600 ni mara nne kamili: sentimita moja ya mraba ya uso mweusi kabisa inatoa wati 17 kwenye joto la kwanza na wati 70 kwenye la pili. Heata ya mkuu inakula 62 kwa bariamu. Ngao ya sasa ikibaki ilivyo, LaB₆ itadai zaidi ya 200, na waya wa heata hautastahimili. Atahitaji mizunguko kumi au zaidi ya karatasi ya tantalamu ya milimita 0.025, iliyokunjwa vidutu ili tabaka zisilaliane. Tabaka zikigusana, ngao inageuka kuwa blanketi la chuma na joto linapita.

Halafu bariamu isidharauliwe. Injini ya akiba ya chombo cha NASA cha Deep Space 1 ilikimbizwa saa 30,352 ikiwa na viini vya aina hii, na ile ya NEXT, injini nyingine ya ioni ya NASA, ilipita saa 50,000. Zilichokuwa nazo ni zenoni ya usafi wa asilimia 99.9995 na mabomba ya gesi yaliyookwa.

Kiini cha mkuu kinatosha kazi yake pia. Milimita 2 kwa 12 ni uso wa ndani wa sentimita za mraba 0.75. Kwa kelvini 1,300, yaani nyuzi 1,027, bariamu yenye afya inatoa ampea 2.6 kwa kila sentimita ya mraba, jumla karibu ampea 2. Ndizo alizokuwa akizichukua mara ya kwanza, ampea 1 kwa kipa na 1 kwa anodi.

---

LolezaPlazma (Mbeya)

Shukrani wakuu. Majibu:

Kutoka kwenye mtungi hadi kwenye ukuta wa chumba ni mpira wa bluu wa poliurethani, ule wa mashine za upepo, kipenyo cha nje milimita 6, cha ndani 4. Kidhibiti mtiririko kiko jirani na mtungi, hivyo mita 3 za mpira ziko baada yake. Regulata ni ya kuchomelea. Mtungi umeandikwa 99.99.

Nimefanya jaribio. Geji ilipanda milibaa 4 kwa saa.

Maswali mengine mawili. Kiini hiki kinaokoleka? Na umeme: hukatika bila taarifa, mara mbili umekatika kathodi ikiwa ya moto. Je, huenda hilo ndilo lililoiua?

---

FundiOmbwe (Iringa)

Hapo sasa. Twende kwenye hesabu, maana ndiyo itakayokuonyesha ukubwa wa tatizo.

Mpira wa mita 3 wenye tundu la milimita 4 una ujazo wa sentimita za ujazo 38, yaani lita 0.038. Milibaa 4 mara lita 0.038, gawanya kwa sekunde 3,600: unapata 4.2 × 10⁻⁵ milibaa-lita kwa sekunde. Sentimita moja ya ujazo kwa dakika ni milibaa-lita 0.0169 kwa sekunde, kwa hiyo kinachoingia ni 0.0025 sm³/dak za hewa. Wewe unapeleka 5. Hiyo ni sehemu 500 za hewa kwa kila milioni ya agoni. Sehemu moja kwa tano ya hewa ni oksijeni: karibu 105 kwa milioni. Juu yake ongeza mvuke wa maji, ambao poliurethani inaupitisha kupitia ukuta wake hata kama viungo vyote vimekazwa vizuri. Zenoni ya 99.9995 inaruhusu uchafu wote kwa jumla usizidi 5 kwa milioni. Uko mara mia.

Wengi wanadanganyika hapa: wanapaka povu la sabuni kwenye viungo, hawaoni kiputo, wanasema hakuna kinachovuja. Povu linafaa kabla ya kidhibiti, ambako gesi iko juu ya hewa ya nje na inavuja kutoka. Baada ya kidhibiti shinikizo ni milibaa kadhaa tu, na hewa ya Mbeya, ingawa ni nyepesi kidogo kwa mita 1,700, bado ina milibaa kama 825. Pale inavuja kuingia, na sabuni haioni kitu. Kiungo kibovu kitainyonya tu.

Kwa hiyo: tupa mpira wote. Weka bomba la chuma cha pua lililosafishwa ndani, fupi kadiri unavyoweza, na ukisogeze kidhibiti mtiririko kiwe jirani na chumba. Viungo viwe vya gasketi ya chuma, au vya feruli mbili kama bajeti inabana. Utepe mweupe wa mafundi bomba usionekane popote. Regulata ya kuchomelea ina diaframu ya mpira inayotoa harufu yake ndani ya gesi. Tafuta yenye diaframu ya chuma. Ukishaunga, vuta ombwe, jaza agoni, vuta tena, mara kumi. Kisha funga utepe wa joto, oka kwa nyuzi 120 hadi 150 usiku kucha huku pampu inavuta.

Kutafuta panapovuja bila mashine maalumu: bomba likiwa kwenye ombwe, gusa kiungo kimoja kimoja kwa brashi yenye spiriti kidogo na uangalie geji ya Pirani (geji ya ombwe). Ikiruka, umempata. Heata na volti za juu ziwe zimezimwa, spiriti inashika moto. Mwenye kipima gesi anaweza kutumia heliamu ya maputo ya sherehe. Ile iliyogunduliwa ardhini Rukwa tunaisubiri.

Kuhusu kiini. Sumu ya oksijeni tupu mara nyingi inatibika kwa joto, kwa sababu bariamu mpya inapanda na kutandaza utando upya. Tangsteni iliyotua juu ya vinyweleo haitibiki. Kiangalie kwa kioo cha kukuza upande wa mbele, milimita 2 hadi 3 za kwanza: ukiona ngozi inayong'aa iliyoziba vinyweleo, ndiyo basi tena. Ukiona uso bado una umbo la sponji, mpe nafasi moja.

Nafasi hiyo inaanza na bomba jipya la gesi kuwa limekwisha kuthibitishwa, si kabla. Vuta ombwe saa 12. Fungua agoni ipite dakika 30 kwenye kathodi baridi. Funga gesi, pasha hadi nyuzi 500 kwa saa 3. Hapo unaondoka unyevu, ambao bariamu imeushika kama hidroksidi, pamoja na sehemu ya hewa ukaa. Ombwe likipanda kupita 1 × 10⁻⁵ milibaa, punguza heata usubiri. Acha ipoe nusu saa. Pasha tena hadi nyuzi 1,000 kwa saa 1, ipoe nusu saa. Ndipo ufungue gesi, uende 1,100, na ujaribu kuwasha. Ikiwaka chini ya volti 250 na kutulia chini ya 22, umeokoa. Usijaribu kuikomoa kwa nyuzi 1,200 siku nzima: kila nyuzi 40 zaidi zinakata umri wa kiini takriban nusu, maana bariamu inageuka mvuke na kupotea bure.

---

MwakaleliKwaMvua (Rungwe)

Nidakie hapo kwenye umeme, kwa sababu huko ndiko kathodi nyingi zinakufa bila kuandikwa kwenye daftari.

Umeme ukikatika mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Kidhibiti mtiririko, kama ni cha kawaida, kinafunga gesi. Pampu ya mzunguko inasimama. Na kathodi iko nyuzi 1,000, tena imepoteza ule mto wa gesi uliokuwa unailinda. Kama kati ya pampu ya mzunguko na tabo hakuna vali inayojifunga yenyewe, hewa na mvuke wa oili vinarudi nyuma. Dakika mbili hizo ni mbaya kuliko saa nzima ya gesi yenye uchafu kidogo.

Kaka Loleza, weka vali ya umeme ya kufunga bila umeme kati ya pampu hizo mbili. Weka UPS (betri ya akiba) ndogo kwa kidhibiti mtiririko na geji tu. Si kwa heata, wala kwa vali hiyo, maana ikipata umeme haitajifunga. Vidhibiti vingi vya tabo hutumia mzunguko wa rota yenyewe kama jenereta kwa dakika kadhaa, kwa hiyo tabo haihitaji sana msaada. Gesi iendelee kupita, hata 2 sm³/dak, mpaka bomba lishuke chini ya nyuzi 300. Vali ya nyuma ikiwa imefungwa, agoni itajaa taratibu kwenye chumba, na ndicho unachotaka: bora kathodi ipoe ndani ya agoni kuliko ndani ya hewa.

Kisha oili. Weka mtego wa zeolaiti mbele ya pampu ya mzunguko. Mwenye pampu ya mtawanyiko badala ya tabo asitumie oili ya silikoni karibu na kathodi. Mvuke wake ukipigwa na elektroni unaacha ngozi ya silika isiyopitisha umeme.

Mvua sasa. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yetu huku ni maji matupu, na kiini cha 4:1:1 kinakunywa. Usifungue chumba kabla kathodi haijashuka chini ya nyuzi 60, jaza kwa nitrojeni kavu badala ya hewa, na kiini kikitoka kiingie papo hapo kwenye chupa yenye silika jeli. Zile punje za bluu zikigeuka waridi ujue chupa yako sasa ni kabati la kawaida. Oka punje kwa nyuzi 120 zirudi bluu. Andika kwenye daftari jumla ya dakika ambazo kiini kimekaa hewani tangu kinunuliwe. Hiyo namba inaeleza mengi kuliko idadi ya kuwashwa. Glovu ni lazima, bariamu hii ni sumu ikiingia mdomoni.

Kuhusu kipa (huyu hadaki mpira, anadaka elektroni za kwanza tu): volti 600 zako ziwe na kizuizi cha mkondo kabla ya kipa, la sivyo kathodi ikiwaka ghafla kapasita za pawa saplai zinamwaga kila kitu kwenye ukingo wa tundu. Tundu la nusu milimita likichongwa upande mmoja, mwanga unatoka umepinda, na shinikizo la ndani linashuka. Pima tundu kwa pini ya geji kila unapofungua. Likifika 0.6 eneo limekua kwa asilimia 44, na 5 sm³/dak hazitatosha tena kuitoa kwenye ule mkia.

Kama umeme utaendelea hivyo, fikiria pia kathodi isiyo na heata. Unaongeza gesi kwa muda mfupi, unapiga kipa volti mia kadhaa hadi elfu, cheche inawaka na yenyewe inapasha kiini. Inaanza kwa sekunde badala ya nusu saa. Ubaya wake uko kwenye sekunde hizo hizo: kabla kiini hakijapata moto, cheche inajishikiza popote, na inachimba chuma pale iliposhika.

---

KimondoMbozi

Nyongeza fupi kuhusu agoni. Kuing'oa elektroni kunadai elektroni-volti 15.8, kriptoni 14.0, zenoni 12.1. Ndiyo sababu volti zako ni 19 hata siku njema. Kwa zenoni ungekuwa chini zaidi, na ioni zingechonga kidogo. Agoni si dhambi (satelaiti za Starlink zilianza na kriptoni, za kizazi cha 2023 zinatumia agoni), ila usilinganishe umri wa kathodi yako na majedwali ya zenoni.

---

LolezaPlazma (Mbeya)

Nimebadilisha. Bomba la chuma cha pua, ujazo baada ya kidhibiti sasa ni sentimita za ujazo 15. Limeokwa usiku mmoja kwa nyuzi 130. Geji inapanda milibaa 0.1 kwa saa. Kiini kwa kioo cha kukuza bado ni sponji, ila milimita moja ya mbele inang'aa. Nianze kupasha?

---

FundiOmbwe (Iringa)

Subiri. Milibaa 0.1 kwa lita 0.015 kwa saa ni sehemu 5 za hewa kwa milioni, oksijeni ni 1 tu. Bomba lako sasa ni safi kuliko mtungi wako: 99.99 maana yake uchafu unaweza kufika 100 kwa milioni, na huo unaupeleka mwenyewe.

Agiza mtungi wa 99.999, na kati ya regulata na kidhibiti weka kisafishaji. Kama hakuna cha kununua, bomba la chuma cha pua lililojazwa vipande vya titani vya lathe, vinene, si vumbi, nusu ya kwanza kwa nyuzi 700 hadi 750 inakamata oksijeni, nitrojeni na mvuke wa maji, nusu ya pili kwa 400 inakamata hidrojeni iliyoachwa na maji. Agoni inapita bila kuguswa. Upande ule shinikizo liko juu ya hewa ya nje, hivyo weka vali ya chuma kila mwisho na usiifungue kwenye hewa ikiwa ya moto. Titani iliyokolea moto ikikutana na hewa inawaka na huizimi kwa maji.

Mtungi ukifika, pitisha gesi kwenye titani saa 2 ikitoka kwenye njia ya pembeni, kisha ielekeze kwenye kathodi baridi. Nyuzi 500 uanze baada ya hapo.